Kutengeneza pangaboi, friji, pasi na blenda: mwongozo kwa mafundi wa Unguja na Pemba

Mteja akikuletea pangaboi akasema, "Fundi, linanguruma tu, halizunguki," usikimbilie bisibisi. Muulize kwanza: limeanza lini, siku hiyo umeme ulikatika au ulipanda, na nyumba yenyewe iko wapi. Swali la mwisho si udaku. Kifaa kilichokaa Kwahani, katikati ya nyumba, hakiharibiki kama kile kilichokaa Nungwi au Jambiani hatua 50 kutoka pwani. Huku visiwani vifaa vingi vinauliwa na mambo matatu: chumvi iliyomo hewani, umeme usiotulia, na mtumiaji aliyekilazimisha kifaa kazi isiyo yake. Ukibadilisha kipande kilichoungua bila kujua kipi kati ya hayo ndicho kilichokiunguza, kipande kipya kitaungua vilevile, na mteja atarudi kudai, si kulipa.

Kabla ya kufungua chochote

Meza iwe ya mbao, miguuni pawe na mkeka wa mpira, na soketi ya meza ipite kwenye breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Breka ya kawaida inalinda waya, haimlindi fundi. Vifaa vya kuanzia si vingi: mita ya dijitali inayopima volti, omu (upinzani) na kapasita, kile kidude kinachoshika umeme na kuisaidia mota ianze (mita nyingi za bei nafuu hazipimi kapasita, iangalie kabla ya kulipa), bisibisi bapa na za nyota, plaizi, koleo la kukatia, pasi ya kulehemia ya wati 40 hadi 60, risasi, msasa laini, mswaki mkuukuu na spiriti safi isiyo na maji mengi.

Cha kujitengenezea mwenyewe ni taa ya majaribio. Chukua balbu ya nyuzi ya wati 100, si ya LED wala ya kubana matumizi, uiunge ili waya wa moto upite kwanza kwenye balbu ndipo ufike kwenye soketi. Kifaa unachokishuku chomeka hapo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote ilhali kifaa ni kidogo kama feni, ndani kuna shoti, na hujapasua fyuzi wala kuzima umeme wa jirani. Ikiwaka hafifu, mota inapitisha umeme kama inavyotakiwa. Isipowaka kabisa, njia imekatika mahali. Ila usidanganywe na pasi: pasi nzima ya wati 1000 itaiwasha balbu hiyo karibu kikamilifu, kwa sababu upinzani wake ni mdogo sana mbele ya ule wa balbu. Tena kumbuka kwamba taa hii haiondoi umeme kwenye kifaa. Ukishika waya ulio wazi utapigwa.

Kwa vitu vya kupasha moto, hesabu moja inakutosha mwaka mzima: volti mara volti, gawanya kwa wati. Kwa umeme wetu wa volti 230 ni 52,900 gawanya kwa wati zilizoandikwa. Pasi ya wati 1000 isome omu 53 hivi, birika la wati 2200 lisome 24, jiko la wali la wati 700 lisome 76. Ukipata namba iliyo karibu na hiyo kati ya ncha mbili za plagi, koili ni nzima na waya ni mzima. Kama mita haisomi kitu, kuna kilichokatika. Halafu pima kati ya kila ncha na bodi la chuma: hapo mita isisome kitu. Ikisoma, kifaa kinavuja, na hakirudi kwa mwenyewe hata kama kinafanya kazi vizuri.

Soma pia bati la maelezo mgongoni mwa kifaa. Mitumba ya Japani ni ya volti 100, na kila mara kuna mtu anayebadilisha plagi tu akachomeka ukutani. Mara nyingine bahati inakuwepo: kimeungua fyuzi na ile sahani ndogo ya duara iliyo karibu nayo inayozuia umeme mkubwa, basi. Vibadilishe hivyo viwili, jaribu kifaa kupitia transfoma, na umkabidhi mteja kikiwa na transfoma yake. Wati za transfoma zizidi za kifaa angalau kwa robo.

Na plagi uifungue kila mara. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani, na mahali pa hiyo fyuzi utakuta maajabu: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, uzi wa waya, hata msumari. Feni na vitu vidogo visivyozidi wati 700 viwekee fyuzi ya ampea 3. Pasi, birika na jiko la wali viwekee ya 13.

Pangaboi

Kama bado lipo darini, usitosheke na kuzima swichi ya ukutani. Nyumba nyingi swichi imefungwa kwenye nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, kwa hiyo feni limezimwa na bado lina moto. Zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa testa.

Linanguruma halizunguki: liwashe ulisukume bapa kwa fimbo ya ufagio. Likishika mwendo lenyewe, kapasita imechoka. Likikwama hata baada ya kusukumwa, beringi zimegandana au koili imeungua. Lisipotoa hata mlio, fuata njia ya umeme kutoka swichi, kidhibiti cha kasi, mpaka kwenye viungo vya juu. Kidhibiti unaweza kukiruka kwa muda kwa kuunga moja kwa moja: feni likikimbia, ubovu ni wake.

Kapasita za mapangaboi kwa kawaida ni mikrofaradi 1.5 hadi 2.5, za volti 400 au 450. Imwage umeme kwanza kwa kugusisha ncha zake na balbu, kisha ipime nje ya feni. Iliyoandikwa 2.5 ikasoma 2.4 iache. Ikisoma 1.8, ndiyo hiyo inayolifanya feni lizunguke kivivu kama linaona usingizi. Weka yenye namba ileile. Wapo wanaoweka 3.5 ili mteja asifie upepo. Upepo utaongezeka kweli, lakini koili ya kuanzia itapitisha umeme mwingi kuliko unene wake, na baada ya majuma kadhaa ya kaskazi, feni likifanya kazi usiku kucha, utasikia harufu ya vanishi.

Koili zipime bila kapasita. Kwenye mota kunatoka waya tatu, na rangi zake usiziamini kwa sababu huenda fundi mwingine kashapita hapo. Pima waya mbilimbili upate namba tatu. Kwa mfano ukipata 180, 210 na 390, mota ni nzima, maana namba kubwa ni jumla ya mbili nyingine. Zile waya mbili zilizotoa 390 ndizo ncha za koili, na kapasita inakaa kati yao. Waya iliyobaki ni ya pamoja, inakwenda kwenye nyutro. Mara nyingi ile ncha iliyosoma 180 na waya ya pamoja ndiyo ya kuendeshea, na hiyo ndiyo inayopokea waya wa moto. Ukimaliza feni likazunguka kinyume na kusukuma upepo juu darini, hamisha waya wa moto uende upande wa pili wa kapasita. Kama jumla haitimii, au namba moja imeshuka vibaya, koili imeunguana na inataka kusukwa upya. Kwa feni la bei ndogo, kusuka koili kunaweza kuzidi nusu ya bei ya jipya, na hapo mwambie mwenyewe ukweli kabla ya kuanza.

Likipiga kelele ya kusaga, badilisha beringi. Aghalabu ni 6201 na 6202, lakini soma namba iliyochongwa ubavuni kabla ya kwenda dukani. Kabla ya kutenganisha vifuniko, piga mstari mmoja wa kalamu ukivuka vyote viwili ili virudi palepale vilipokuwa. Badilisha beringi zote mbili pamoja. Watu wanapenda kutia mafuta ya nazi kwa sababu yapo jikoni. Siku mbili feni linanyamaza, baadaye mafuta yanashika vumbi na kuwa gundi. Kwa feni ya meza yenye bushi (kikombe cha chuma kinachoshika mhimili badala ya beringi) tumia mafuta ya cherehani, matone mawili au matatu, baada ya kufuta uchafu wa zamani kwa spiriti. Feni ya meza ina pia fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili. Ikikatika weka nyingine ya nyuzi joto zilezile, usiunge waya mtupu.

Unaporudisha pangaboi darini, kagua kitu ambacho wengi wanakipita: ndoano, bolti na pini yake. Nyumba za pwani ndoano inaliwa na kutu kutoka ndani ya dari mahali pasipoonekana. Ikwaruze kwa bisibisi. Kama vinamenyeka vipande vipande, usiweke feni hapo mpaka ndoano ibadilishwe. Pangaboi ni zito, na chini yake kuna kitanda.

Friji inayopiga "tik"

Hii ndiyo kesi inayoleta hasara kubwa kwa wasiopima. Friji inajaribu kuwaka, inanguruma sekunde chache, "tik", kimya. Baada ya dakika chache tena. Fundi wa haraka anasema kompresa imekufa. Huenda ni nzima kabisa.

Anza kwenye soketi. Weka mita hapo na usome volti friji ikiwa inajaribu kuwaka, si ikiwa imezimwa. Ikiwa kabla ilikuwa 220 na wakati wa kuwaka inashuka 170, kompresa haina nguvu ya kuanza na swichi yake ya ulinzi inaikata. Tafuta waya mwembamba wa kurefushia unaotoka chumba kingine, kiungo kilicholegea, au soketi iliyoungua nyuma. Waya wa soketi uwe wa milimita mraba 2.5. Hapo friji haina kosa.

Volti ikikaa sawa, fungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kompresa. Chomoa relei, yaani kifaa cha kuianzishia kompresa, hasa ile nyeusi yenye kidonge ndani, uitikise sikioni. Ikilia kama njugu kavu, kidonge kimepasuka. Badilisha relei na kinga yake, nazo ni vitu vya bei ndogo. Isipolia, ipime ikiwa baridi: isome omu chache, pengine kati ya 15 na 35, si sifuri wala isiyosomeka.

Kisha pini tatu za kompresa. Kanuni ni ileile ya pangaboi: namba kubwa ni jumla ya mbili. Ukipata 12, 18 na 30, pini isiyoshiriki kwenye 30 ni ya pamoja, kutoka hapo 12 ni ya kuendesha na 18 ni ya kuanzia. Pima kila pini na bomba la shaba baada ya kulikwaruza rangi. Mita ya kawaida inaweza kukuambia hakuna kitu ilhali ukiwasha inavuja, kwa hiyo kwa friji ya zamani tumia megga ya volti 500, yaani mita inayopima uvujaji kwa volti kubwa. Ikisoma chini ya megaomu moja, usiiwashe.

Umeme ukikatika ukarudi papo hapo, kompresa inaukuta msukumo wa gesi bado uko juu na haiwezi kuanza. Inataka dakika 5 za kupumzika. Ndiyo maana kila friji unayoitoa kwenye karakana mshauri mwenyewe anunue kilinzi cha friji, kile kinachokata volti zikishuka chini ya 185 hivi au zikizidi 260, na kuchelewesha dakika kadhaa umeme unaporudi. Kwa wanaotumia jenereta pima pia mzunguko wa umeme kwa sekunde (hezi). Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa bara, Disemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta ndogo zilijaa majumbani, na jenereta ikizungushwa polepole ikatoa hezi 44 badala ya 50, kompresa inachemka hata kama volti zinaonekana nzuri.

Friji inawaka lakini haigandishi? Kabla ya kutaja gesi, angalia mpira wa mlango kwa kubana karatasi: ikichomoka bila kuvutana, hewa inaingia. Mpira uliopinda unarudi ukiukanda kwa maji ya moto. Angalia pia wavu wa nyuma umejaa vumbi na nywele za paka, na kama friji imebanwa ukutani. Iache sentimita 10.

Gesi ikiwa imetoka kweli, kuna mahali ilipotokea. Kwa kina mama wanaouza barafu za ukwaju na ubuyu, muulize taratibu: "Bi mkubwa, barafu unaibandua na nini?" Jibu likiwa kisu, tundu unalijua liko wapi. Kwa nyumba za pwani tafuta kwenye bomba la chuma la nyuma, palipovimba kutu. Kujaza gesi bila kuziba tundu ni kumuuzia mtu hewa. Tena soma kibandiko cha kompresa. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo inawaka moto: usikaribishe chomeo, usichanganye na gesi nyingine ya friji kama R134a, fungua madirisha, na pima kwa mizani, kwa sababu friji ya nyumbani inataka makumi ya gramu tu. Kama huna mizani na pampu ya kunyonya hewa, mpe kazi hiyo fundi wa majokofu.

Pasi

Pasi nyingi zinakatika shingoni, pale waya unapoingia kwenye mpini, kwa kukunjwa kila siku. Kata sentimita 10 za mwanzo, unga upya. Koili ikisoma sawa lakini pasi haipati moto, safisha midomo ya themostati kwa kipande cha karatasi ngumu, kisha pima fyuzi ya joto. Kosa linalorudiwa kila karakana ni kulehemu ndani ya pasi. Risasi ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi joto 183, na chuma cha pasi kinazidi 200. Kiungo kitalegea siku ya pili na waya wa moto utaangukia bodi. Tumia viungo vya kubana kwa plaizi na mrija wa nyuzi za kioo.

Blenda na nazi

Ramadhani ikikaribia blenda zinakuja kwa mafungu, na nyingi zimeuliwa na nazi. Blenda ya nyumbani imetengenezwa kufanya kazi dakika moja kisha ipumzike. Soma chini yake, mara nyingi imeandikwa. Mtu anatia vipande vya nazi na maji kiduchu, anaisagisha dakika 5, mota inalia kwa sauti ya chini, inanuka. Kingine ni tui lenyewe: mpira wa chini ya visu ukichakaa, tui linapenya kwenye bushi, linakauka na kuwa kama sabuni ngumu ya njano, kisha linachuruzika mpaka kwenye mota.

Kwa hiyo anza na jagi. Zungusha visu kwa koleo. Vikiwa vizito, fungua, toa mabaki, weka mpira mpya, kisha jaza maji uliache juu ya karatasi nusu saa. Karatasi ikilowa, mota usiiguse kwanza, maana utaitengeneza bure. Ndani ya mota pima makaa mawili. Yakibaki chini ya milimita 5, au yakiwa hayalingani, badilisha yote. Shaba inayosuguliwa na makaa isafishe kwa msasa laini sana na uchokonoe vumbi jeusi kwenye mifereji yake. Ikiwa pande mbili zinazokabiliana zimeungua nyeusi na nyingine zinang'aa, koili imekatika na msasa hautasaidia. Kile kiungo cha mpira kinachoshika jagi, kikiwa kimelika meno, ni dakika mbili za kazi. Mara nyingi kinafunguka kinyume na skrubu ya kawaida.

Chumvi

Kutu ya kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye aluminiamu ni alama za chumvi. Chumvi inavuta unyevu, kwa hiyo kifaa kinaweza kuwa kizima kaskazi na kikawa kinavuja wakati wa masika. Bodi la umeme lisugue kwa mswaki na spiriti, lianike saa kadhaa mbele ya feni, likague viungo kwa lenzi, kisha lipulizie vanishi ya kulinda bodi. Funika soketi na swichi kwanza, la sivyo vanishi itaingia kati ya midomo yake na utakuwa umejitengenezea ubovu mpya. Kifaa kilichomwagikiwa maji ya bahari usikipeleke juani moja kwa moja. Toa umeme, kisuuze kwa maji yaliyosafishwa, yale ya betri yasiyo na asidi, ndipo utie spiriti. Skrubu unazorudisha zipake grisi kidogo. Fundi atakayefuata, pengine ni wewe mwenyewe, atashukuru.

Usichokigusa, na unachokiweka stoo

Maikrowevu iache mpaka ufundishwe na mtu kwa mkono. Kapasita yake inabeba volti elfu mbili na zaidi, na inazishika hata plagi ikiwa imechomolewa. Kwa anayetaka msingi wa darasani, vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vipo kwa ajili hiyo.

Kila kifaa kinachoingia kipe namba, na kwenye daftari andika tarehe, malalamiko kwa maneno ya mteja, vipimo ulivyokuta na vipimo ulivyoacha. Kifaa kilichotengenezwa hakitoki bila kuwashwa saa nzima mezani, isipokuwa blenda, ambayo ijaribiwe dakika moja moja na kupumzishwa.

Aliye Unguja anaweza kutembea Darajani na Mlandege akarudi na kapasita mchana uleule. Aliye Wete au Chake, kipande kikikosekana kinasubiri boti, na mteja anasubiri naye. Kwa karakana ya Pemba weka akiba hii: kapasita za 1.5, 2 na 2.5 kumi kumi, beringi za 6201 na 6202 jozi sita, relei za friji tano na kinga zake, fyuzi za plagi za ampea 3 na 13 boksi moja moja, fyuzi za joto za pasi na za feni ya meza, mipira ya visu vya blenda, na mita 20 za waya wa pasi ulioviringwa uzi. Unapoagiza kitu kingine, tuma picha ya kipande cha zamani kikiwa kimelazwa juu ya rula, na namba zake zisomeke.